Punje Moja kwa Kila Sikio

Katoni ilichelewa wiki tatu. Mvua ilikuwa imekula barabara, malori yakalala kwenye tope, kila dereva akingojea mwenzake aje amvute. Ilipofika hatimaye dukani kwangu hapa Mubi, nilikata utepe wa gundi kwa kisu kama kawaida nikaanza kutoa vitu: sabuni, glisirini, mafuta ya mgando ya watoto, dawa ya meno, vitana, wanja. Chini kabisa, zimefungwa pamoja kwa mpira, zilikuwa tyubu sita za mafuta ya jua. Moja ilikuwa imebanwa na sabuni ikapasuka shingoni. Harufu yake ikatoka, nami nikakaa chini sakafuni, kisu bado mkononi.

Mteja alikuwa amesimama pale, mama mmoja anayekuja kila mwisho wa mwezi kutafuta mafuta ya kujichubua.

"Mama, unagonjwa?"

"Hapana."

"Na hii tyubu nyeupe ni ya nini? Bei gani?"

"Haiuzishwi."

"Sasa unaiweka mu duka ya nini?"

"Nimesema haiuzishwi! Kwenda!"

Akaenda, masikini, na hela zake mkononi. Sina ulimi wa asali, wateja wangu wote wanajua. Ukija kwangu kutafuta mkorogo nitakuambia bei yake, halafu nitakuambia na ukweli wake, na ukikasirika mlango ni ule ule ulioingilia. Lakini siku ile sikuwa na ukweli wa kumwambia mtu. Zile tyubu sita nilikuwa nimeziagiza kwa ajili ya Riziki, mdogo wangu wa pekee. Nilipotuma pesa alikuwa bado anakaa kitandani na kula uji. Zilipofika, tulikuwa tumekwisha mzika.

Ninyi wa rika langu mliokulia vilima vya Masisi mnakumbuka tulivyopakwa. Kwetu mtoto mchanga alipakwa mafuta ya ng'ombe, yale yanayotikiswa ndani ya kibuyu mpaka yanashikana, kisha akawekwa mlangoni kwenye jua la asubuhi. Baridi ya kwetu si ya mchezo. Ukungu ukiondoka kilimani, kila mama alitoka na mtoto wake anang'aa, akamlaza juu ya kitenge, na majirani wakapita wakisema ee, mifupa inakaza hiyo. Mimi nilipakwa hivyo. Mama alisema nilikuwa nikitabasamu mara tu kibuyu kikifunguliwa.

Nilikuwa na miaka minne Riziki alipozaliwa. Nakumbuka nywele zake tu, rangi ya ndevu za mahindi, na nakumbuka nikiuliza kama zitabadilika. Mama alimpaka mafuta ya ng'ombe akamlaza mlangoni kama alivyonilaza mimi. Siku ya pili ngozi ya uso ikaanza kutoka. Hayo sikuyaona, au niliyaona nikasahau. Nilisimuliwa nikiwa mkubwa. Mama alimbeba mgongoni mpaka kituo cha afya, na muganga akamwambia kwamba mtoto huyu hana ile rangi inayotukinga sisi wengine. Avae kofia, avae mikono mirefu, akae kivulini, na kama kuna uwezo apakwe mafuta ya jua. Akaandika namba ya nguvu ya mafuta hayo kwenye kipande cha karatasi: hamsini, na isishuke chini ya thelathini.

Hayo yote hakuna aliyenieleza. Nani anamweleza mtoto wa miaka minne? Mimi nilipata maelezo yangu kutoka kwa Mama Sifa, jirani yetu, mwanamke mcheshi aliyeweza kuchekesha hata matangani. Alimwangalia Riziki siku moja, akapiga makofi, akasema, "Ayi, Mama! Huyu mulimuopoa mbele ya kuiva!"

Mama akacheka, kicheko cha midomo tu. Mama Sifa naye hakuwa na ubaya, kesho yake alituletea maziwa. Lakini mimi nilisikia, nikaweka moyoni. Riziki alikuwa ameopolewa mapema, ametolewa kabla hajaiva. Basi. Ndiyo maana.

Papa alikuwa akifanya kazi hapa hapa Mubi, kupakia na kupakua bidhaa, akija nyumbani kila baada ya miezi miwili. Safari iliyofuata alikuja na tyubu ya kwanza. Alipenda kutusimulia alivyoinunua, na kila mara aliongeza chumvi. Alisimama mbele ya kaunta ya farmasi na kile kikaratasi cha muganga, na muuzaji akamletea kwanza boksi la dhahabu lenye picha ya mwanamke anacheka.

"Nikamuambia: Ndugu, miye sinunue mwanamuke, niko naye ku nyumba. Nionyeshe namba." Mama alimpiga kofi la bega kila alipofika hapo. "Akaleta chupa ya mafuta-maji, namba kumi. Nikasema hii ni ya kukaanga mutoto ao ya kumuchunga? Akaniangalia vile. Njo akatosha mu kabati hii ingine nyeupe, haina picha, haina nini, bei nusu. Hamsini! Namba iko, na karatasi ya chini ya kifuniko haijapasuka."

Hivyo ndivyo tyubu ile nyeupe isiyo na picha ilivyoingia nyumbani kwetu. Nusu bei, lakini hata nusu ile ilikuwa gunia la maharage na zaidi. Mama alikuwa na chupa yake ya glisirini ya Jumapili, na kikopo cha poda yenye harufu ya maua. Glisirini ilipoisha hakununua nyingine. Poda ilipoisha, kikopo akaweka chumvi. Akawa anaenda kanisani na visigino vimepasuka kama shamba la kiangazi, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na wanawake wakanong'ona kwamba anampaka mtoto mafuta ya wazungu na yeye mwenyewe anatembea hivyo. Alisikia. Mama alisikia kila kitu.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alimketisha Riziki kwenye kigoda. Alikamua mafuta kidogo sana kwenye ncha ya kidole na kuyapima kwa jicho. "Punje moja kwa kila sikio," alisema. "Punje mbili kwa mashavu. Punje moja kwa pua. Shingo, punje mbili. Usizidishe, yatakwisha." Punje ya maharage ndiyo iliyokuwa kipimo chake, kwa sababu ndicho kitu ambacho sote tulikijua ukubwa wake hata gizani. Riziki alifumba macho akavuta pumzi. Alisema harufu ile inanukia siku ya Mungu, Jumapili. Tyubu ikikonda, Mama aliipasua kwa wembe katikati na kukwangua ndani na kidole, na kwa siku mbili tatu tukaishi kwa mabaki yale, mpaka Papa arudi.

Na mimi nilikuwa nikitazama. Niliona kitu cheupe kinapakwa kwenye mtoto mweupe, na kila kikipakwa anazidi kuwa mweupe. Niliona watoto wote wa kilima wanawekwa kwenye jua na kuwa weusi wazuri, na mdogo wangu anafungiwa ndani, anavalishwa kofia, anaitwa "Riziki, toka ku jua!" kutwa nzima. Kisha niliona maharage. Mwaka ule mvua iliwahi kurudi, tukayang'oa kabla ya wakati wake. Nilipopasua ganda nilikuta punje laini, nyeupe, zenye doa la waridi kidogo tu.

"Mama, haya yameharibika," nikasema.

"Hayajaharibika. Yaanike tu. Jua njo itayapa rangi."

Tukayaanika na maganda yake kwenye mkeka. Baada ya siku kadhaa nikapasua mengine, nikakuta yamekuwa mekundu. Nilikaa pale na zile punje kiganjani. Kwa hiyo kumbe inawezekana. Kitu kilichotolewa mapema kinaweza kumalizika kuiva juu ya mkeka.

Nataka mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia. Sikuwa mtoto mbaya. Sikuwa na wivu, ingawa ningependa sasa ingekuwa ni wivu, wivu una adhabu yake inayojulikana. Mimi nilimpenda. Watoto wa darasa langu walikuwa wamemwimbia wimbo wa kumcheka, na alikuwa hajaanza hata kusoma, alikuwa amenisindikiza tu mpaka kwenye uzio wa shule. Alirudi nyumbani ameshika kidole changu akaniuliza, "Yaya, miye niko nini?" Nilikuwa na miaka minane, yaya wake, dada mkubwa, na sikuwa na jibu. Sasa nilikuwa nalo.

Siku ya soko Mama alishuka Masisi mjini na maharage kichwani, akaniachia mdogo wangu. "Umupake mbele ya kumutosha inje," alisema. "Punje moja moja. Na asikae ku jua. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mama Sifa alikuwa ametuletea mafuta ya ng'ombe jana yake, ya kupikia, na Mama aliyaweka ndani ya bakuli kwenye rafu ya chini, yamefunikwa na jani la ndizi. Nilichukua bakuli lile. Nilimketisha Riziki kwenye kigoda kama Mama alivyofanya.

"Leo nitakupaka ya ng'ombe," nikamwambia. "Sawa nilipakwaka miye."

"Na ya Papa?"

"Ya Papa njo inakufanya mweupe. Leo unaenda kuiva."

Alinitazama na yale macho yake yasiyotulia. "Nitakuwa sawa weye?"

"Sawa miye kabisa."

Alicheka, akanyoosha mikono yote miwili. Nilimpaka kila mahali. Nilimpaka masikio, kope, nyuma ya magoti, sikupima punje yoyote. Nilimvua kofia, nikamvua na gauni. Nikasogeza maharage upande mmoja wa mkeka, nikamlaza upande wa pili, naye akatulia pale anang'aa, hatimaye mtoto wa kilima kama wengine. Nilikaa kando nikimhesabia. Kila nikifika mia nilimgeuza kama maganda. Kisha jua likawa kali, likampa usingizi, akalala kwa ubavu wa kulia, na mimi sikutaka kumwamsha. Niliona anaanza kuwa mwekundu.

Mungu wangu, nilifurahi. Punje zile nazo zilianza hivyo hivyo, waridi kwanza, kisha nyekundu. Nilikimbia kumwita Mama Sifa aje aone, nikakuta mlango wake umefungwa, naye yuko sokoni. Nilirudi nikakuta Riziki ameamka analia bila sauti.

Mama alipoingia uani jioni, mtoto alikuwa amelala ndani kwenye kitenge chenye maji. Uso ulikuwa umevimba, macho yamefungika, mabega yana malengelenge. Sikio la kushoto, lile lililokuwa limeangalia juu, lilikuwa limejaa maji kama kijifuko. Mama aliangusha kapu. Alipiga magoti, akamnusa shingoni.

"Nani alikupaka mafuta ya ng'ombe?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mikono yangu ilikuwa nyuma. Nilifungua kinywa, haki ya Mungu nilikifungua.

"Miye," Riziki akasema.

"Weye? Uliitosha wapi?"

"Ku rafu ya chini."

"Yaya yako alikuwa wapi?"

"Alikuwa anafagia."

Alikuwa na miaka minne. Sijui alijuaje kusema uongo vizuri hivyo, hakuwahi kuusema kabla wala baada. Mama hakunipiga. Ningepigwa ningesema, nina hakika. Badala yake alikaa chini kwenye udongo, akashika kichwa, akaanza kujipiga paji la uso kwa kiganja. "Ni miye. Miye njo niliiacha chini. Ku rafu ya chini, miye na akili yangu yote!" Nami nikanyamaza. Nilinyamaza usiku ule, na asubuhi ilipofika ilikuwa ngumu zaidi, na wiki ilipopita ilikuwa ngumu kuliko asubuhi.

Tangu siku ile mafuta ya ng'ombe hayakuingia tena nyumbani kwetu. Watu walishangaa, mwenye kukaa Masisi anakataaje? Mama Sifa alileta bakuli, Mama akamrudishia mlangoni na shukrani. Tulipopewa harusini, alisogeza sahani. Kila Riziki alipopata kidonda, hata cha kujikwaa, Mama alitazama ile rafu. Papa aliivunja mwishowe akaifanya kuni, lakini Mama aliendelea kutazama ukuta pale ilipokuwa.

Malengelenge yalipona. Mwaka wa kukimbia vita tulishukia Kalembe na magodoro kichwani, na huko tukabaki. Papa alitutoka. Mimi nikaja Mubi kutafuta maisha, nikaanza na sabuni kwenye meza, kisha nikapata duka, na tangu faida ya kwanza tyubu ya Riziki ikawa kazi yangu. Leo naweza kukuchagulia mafuta ya jua nikiwa nimefumba macho. Usidanganywe na boksi. Soma namba, soma tarehe ya kuharibika, hakikisha karatasi ya chini ya kifuniko haijatobolewa. Yakiwa yamejitenga maji na mafuta, au yananuka kama mafuta ya mawese ya zamani, yameungua kwenye lori, rudisha. Ya bei nafuu yanatosha kabisa ukiyapaka mara kwa mara; ya bei kubwa uliyoogopa kuyamaliza hayakusaidii kitu. Na kofia kwanza, hata kama una tyubu kumi. Mimi huyu, mtaalamu.

Riziki alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake chini ya paa la nyasi mbele ya nyumba ya Mama, na mdomo mkali kuliko wangu. Mteja akimtazama sana alimuuliza, "Unapima nguo ao unanipima miye?" Alinituliza nilipogombana na mume wangu, alinishonea nguo za ujauzito bila mimi kuomba. Siku ile ya mkeka hatukuizungumza kamwe. Nilijaribu mara mbili, akanikatiza kwa mzaha.

Kisha kikaja kile kigamba kwenye sikio la kushoto. Kidogo tu, ungesema ameumwa na mdudu. Kikatoka, kikarudi. Nilimpelekea dawa ya kupaka, kikarudi. Kilipokuwa kikubwa na cheusi, nilikwenda Kalembe kumtazama, akavuta kilemba pembeni akanionyesha, huku anacheka.

"Yaya, angalia. Nimeanza kuiva."

Nilitoka nje. Nilijifanya naenda kutapika kwa sababu ya safari. Alinifuata mpaka nyuma ya nyumba, akanishika kiuno.

"Acha kulia, nilikuwa nacheka tu. Weye njo muntu wa kwanza aliyenitafutia dawa. Unasikia? Bengine bote walinitafutia jina."

Hospitalini Goma walimkata lile sikio. Nilimuuliza daktari, nikiwa peke yangu naye kwenye ukumbi, kama siku moja ya jua, siku moja tu, utotoni, inaweza kuleta ugonjwa huu miaka yote hii baadaye. Alisema hapana, si siku moja, ni jua lote pamoja, la shambani, la njiani, la mwaka wa kukimbia. Alisema nisijitese. Ninamwamini. Lakini alikata sikio la kushoto.

Ugonjwa ulikuwa umeshuka shingoni. Riziki alirudi Kalembe kufia kwa Mama.

Walikuja wanawake wanne wa kanisa kumwosha. Kwetu maiti huoshwa, kisha hupakwa mafuta kabla ya kuvishwa, asiende amekauka kama mtu asiye na wenyewe. Walileta glisirini. Mama alikaa kwenye mkeka kando ya kichwa, hajalia tangu alfajiri, anamshika nywele zile za ndevu za mahindi. Mmoja akageuza kichwa kwa taratibu ili aoshe upande ule wa jeraha, na Mama akaona, akaanza kusema. Hakusema kwa mtu.

"Ni miye nilimuua. Ku rafu ya chini. Mutoto wa miaka mine, ataachaje kuitosha? Miye njo niliiweka pale. Nilimuua na mikono yangu."

"Nyamaza, Mama," mmoja akasema. "Ni Mungu tu."

"Hapana. Haikuwa Mungu. Ilikuwa ku rafu ya chini."

Miaka yote hiyo. Visigino vile, poda ile, ule ukuta aliokuwa akiutazama. Nilikuwa nimemwachia mama yangu mzigo wangu aubebe mpaka uzeeni, kwa sababu niliogopa fimbo ambayo hakunichapa.

"Mama," nikasema. "Ni miye."

Akainua macho.

"Riziki hakujipaka. Ni miye nilimupaka. Nilimulaza ku mukeka, pamoja na maharage. Nilifikiri ataiva." Sauti ilinitoka ya kitoto, sikuitambua. "Alikuficha kweli juu yangu. Miye nilikuwa nasimama pale ku mulango, nikamuacha akufiche."

Kitambaa cha kuoshea kilisimama. Maji yalidondoka kwenye beseni. Mama alinitazama, na sijui aliona nini, mwanamke wa duka mwenye watoto watatu au yule mwenye mikono nyuma. Sikuona hasira. Sikuona msamaha pia, nisiseme uongo.

Aliinuka kwa kushika ukuta. Kwenye msumari ulining'inia mfuko wa Riziki wa kushonea, na ndani yake ilikuwa tyubu yake ya mwisho, imekwisha kondeana, imekunjwa mpaka shingoni. Mama aliomba wembe. Akaipasua katikati kama zamani, akatazama ndani, akanipa.

"Mama," akasema yule mwanamke wa kanisa, "glisirini iko. Na kule anaenda hakuna jua."

Mama alikaa tena mahali pake, akakiweka kichwa cha Riziki kwenye paja lake, akakigeuza upande wa kulia uangalie juu, upande ambao bado ulikuwa na sikio.

"Punje moja," akaniambia. "Usizidishe."

Nikakwangua na kidole. Yalikuwepo ya punje moja tu. Nikapaka pole pole, mbele na nyuma na ndani ya mkunjo, mpaka weupe wote ukaisha.